Tembo au Kulabu

Trei ya Baba ilinifikia mwezi uliopita, imefungwa kwa blanketi kuukuu, na kabla sijaifungua nilishajua kilichomo kwa harufu tu. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Ni ile inayobaki kiganjani ukitumwa dukani na shilingi, ukaishika kwa nguvu njia nzima usije ukaipoteza. Watoto wa siku hizi wanalipa kwa simu, wataijulia wapi? Nilinusa vidole vyangu, nikakaa chini pale pale sebuleni, na mara nikamwona ndugu yangu mdogo amelala chali kwenye mkeka, analilia uji, na sisi sote tumekatazwa kumpa hata kijiko kimoja.

Nianze na Baba, maana bila yeye hakuna kisa. Baba alikuwa fundi wa reli, tukikaa Kaloleni, pale Voi, vyumba viwili na kiuani. Wanaume wengine wa mtaa ule walikuwa na pombe yao, au mpira wao, au mwanamke wao wa pembeni. Baba alikuwa na sarafu. Sarafu zenyewe hazikuwa za kununulia kitu, zilikuwa za kale, pesa zilizokufa. Wazee wa Taveta walizifukua wakilima mashamba ambayo Mjerumani na Mwingereza waligombania zamani zile. Wanawake wa Mwatate walizikuta kwenye mikufu ya marehemu mama zao. Kila Baba alipotumwa kutengeneza reli huko lainini, alirudi na kitu mfukoni, na kabla hajavua buti alikuwa ameshakaa dirishani anakigeuzageuza kwenye mwanga.

Alizipanga kwenye trei ya mbao aliyoichonga mwenyewe, kila sarafu na shimo lake la kulingana nayo, chini kitambaa chekundu. Zilikuwemo rupia za malkia mwenye taji, senti zilizotobolewa katikati zikachorwa pembe za ndovu kuzunguka tundu, na heller za Mjerumani, ambazo ndizo wenzetu wa ng'ambo ya mpaka hadi leo wakitaja pesa wanasema hela. Alinifundisha kuzitambua. "Usikimbilie mwaka," aliniambia. "Mwaka unaweza kufutika. Anza na uzito. Halafu pitisha ukucha pembeni. Halafu tundu, halafu taji. Mwaka uje mwisho." Nilifika mahali ananifumba macho kwa leso ya Mama, ananiwekea sarafu kiganjani, nami namtajia. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, nikijiona profesa mzima.

Sheria ilikuwa moja. Sarafu ya kale haisuguliwi. Uchafu wake ndio umri wake, ukiutoa umeiua. Siku moja Mama, kwa wema wake, alizisugua chache kwa jivu na ndimu kama anavyosugua sufuria wageni wakija, zikang'aa kweli kweli. Baba alipoziona hakugomba. Alikaa tu, akakataa chakula, na Mama akaudhika kupita kama angepigiwa kelele. "Mwanamume mzima analia uchafu," alisema, na akaapa mbele yetu sote kwamba siku moja atazimwaga zote chooni.

Kati ya zote, mbili lazima mzijue.

Ya kwanza tuliiita Tembo. Ilikuwa ya dhahabu, ndogo, laini, pembeni haina mkwaruzo. Baba alisema ilipigwa Tabora wakati wa vita, Mjerumani akiwa amezingirwa na meli za kwao hazifiki tena kumletea pesa. Upande mmoja ilikuwa na tai, na upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Aliipata kwa mzee mmoja wa Taveta, akampa baiskeli yake. Tangu siku hiyo Baba alikwenda kazini kwa miguu, na Mama akabeba maji ya bomba kichwani badala ya kuyafunga kwenye keria. Mama hakuisahau ile baiskeli.

Ya pili ilikuwa Kulabu. Hiyo sokoni hakuna ambaye angeinama kuiokota. Ilikuwa heller ya tundu, imelika, lakini Babu alirudi nayo kutoka vita vile vile, alikopelekwa kubebeshwa mizigo ya watu asiowajua. Alipitisha waya mnene kwenye tundu, akaukunja ncha kuwa kulabu ya kushikia uzi, akamvalisha Nyanya shingoni kabla hata hawajaoana. Nyanya aliivaa miaka yote. Babu alipokufa, akina mama wa ukoo walimvua mapambo, kama wajane walivyovuliwa, wakayaweka kikapuni. Baba akiwa mtoto wa kwanza alishuka na Kulabu kutoka Mghange, kwao milimani, pamoja na koti la marehemu. "Nitaitunza, Mama," alimwambia. Nakumbuka Nyanya alikuwa anapepeta maharage, na aliendelea kupepeta.

Sasa, siku yenyewe. Baba alikuwa amekaa lainini muda mrefu, na jioni hiyo alikuwa njiani kurudi. Mama akaamua kufagia hadi uvunguni, akavuta sanduku la trei, akaliacha mlangoni akaingia na ufagio. Mimi nilikuwa kiuani nachambua mchele. Mwadime, ndugu yangu, alikuwa ndio kwanza ameanza kutembea bila kushika ukuta, na kifaduro kilikuwa kimemlaza kitandani hadi majuzi tu, amebaki mbavu na macho. Nikasikia trei inaanguka, sarafu zinatawanyika sakafuni kwa ule mlio wake, halafu kimya. Kimya cha mtoto mdogo kinajulikana. Nikainua kichwa, na Mama akatoka mbio.

Mwadime alikuwa ameshika shingo kwa mikono miwili. Midomo imekuwa ya zambarau. Mama alimgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara nyingi, kwa nguvu ambayo ningeipata mimi ningepiga mayowe. "Tema! Tema, baba! Tema!" Mtoto akakoroma, akameza, akavuta pumzi, akalia. Na Mama akaanza kucheka na kulia pamoja, akidhani yamekwisha.

Ndipo Baba akaingia, begi lake la vyombo begani. Hakuuliza mengi. Alimpapasa mtoto, akamtazama kooni, halafu akapiga magoti kukusanya sarafu. Mama alimwangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Nami nilimwangalia hivyo hivyo. Nilijisemea moyoni: kumbe kweli, mtoto amekabwa koo na huyu anahesabu pesa zake zilizokufa! Baba alikuwa anazirudisha kila moja kwenye shimo lake, hadi sakafu ikawa tupu. Mashimo mawili yalibaki wazi. La Tembo na la Kulabu.

Tulikwenda dispensari tukikimbia, Mama na mtoto mbele, Baba amebeba trei. Daktari alikuwa mzee wa miwani, mtu wa maneno machache.

"Amemeza nini?"

"Sarafu, daktari. Ni moja kati ya mbili."

"Zikoje?"

Na Baba akaanza kueleza. "Moja ni ya dhahabu, ya Mjerumani, ilipigwa Tabora, upande huu ina tai na upande wa pili..."

"Baba Wakesho!" Mama alimwita kwa jina langu, kwa sauti iliyofanya wagonjwa waliokuwa bencini wageuke. "Mtoto anakufa, wewe unaeleza tembo?"

"Mwache aeleze," daktari alisema. "Ndiyo ninayotaka kujua." Akageuka kwa Baba. "Pembeni yake ikoje?"

"Laini kama kifungo."

"Na ya pili?"

"Ya pili ina waya. Ncha imekunjwa kulabu."

Daktari alivua miwani. Aliongea polepole, na mimi nilisimama nyuma ya sketi ya Mama nikisikia kila neno. Kama ni ile laini, alisema, mtoto apewe ndizi, apewe viazi vitamu, apewe ugali, chakula kiisukume mpaka itoke yenyewe. Kama ni yenye waya, asipewe chochote, kwa sababu chakula kikiisukuma, ile ncha itamchana utumbo. Itabidi akatwe, na wa kumkata wako Mombasa. Dispensari haikuwa na mashine ya picha, Mombasa ilikuwepo. Akaweka chombo chake kifuani pa Mwadime, akasikiliza muda mrefu.

"Lakini kifua hiki bado kibovu. Njia ilivyo na mvua hii, na njaa, na huko alazwe usingizi wa dawa... Mzee, sikufichi. Sijui kama ataamka."

"Sasa tufanye nini?" Mama aliuliza.

"Gari la wagonjwa linashuka Mombasa kesho saa sita mchana. Kabla ya hapo mnijibu ni ipi. Mpaka mjue, maji ya kulowesha midomo tu. Msimlishe."

Basi tukarudi nyumbani na mtoto mwenye njaa. Baba alimwachia ujumbe dereva wa lori la mboga aliyekuwa anapanda milimani, amwambie Nyanya kule Mghange kwamba Mwadime amemeza sarafu, ashuke. Halafu akaanza kutafuta, maana sarafu moja ilikuwa tumboni na nyingine lazima iwe mahali. Tukiipata iliyobaki, tumeijua iliyomezwa. Aling'oa mkeka. Alichokonoa nyufa za sakafu kwa msumari. Alichekecha unga wote wa mahindi. Hakupata kitu, na kila aliposimama alimtazama Mama.

"Mama Wakesho, niambie ukweli."

"Ukweli gani?"

"Uliapa utazimwaga chooni."

"Niliapa! Nani hajawahi kuapa kwa hasira? Wewe hukuapa kwamba baiskeli utanunua nyingine?"

"Sikulaumu. Tupa uliyotupa, uza uliyouza, nimesamehe. Niambie tu ni ipi uliyotoa."

"Haki ya Mungu sikuigusa."

"Umeitoa Tembo kwa sababu ya baiskeli?"

"Baba Wakesho, huyu ni mtoto wangu! Ningejua ningekaa kimya?"

Baba hakumwamini. Nilimwona haamini, na nadhani Mama aliona pia, kwa sababu aliacha kujibu. Alimpakata Mwadime, akawa anamlowesha midomo kwa pamba, na mtoto akawa anainyonya ile pamba kwa nguvu zote akidhani ni ziwa.

Nami nilikuwa na hofu yangu, ya peke yangu, ambayo sikumwambia mtu. Watu wa Voi tembo hatumjui kwa picha. Wale walikuwa majirani, na majirani wabaya. Walivunja matangi ya maji, walikula migomba ya watu, na mara nyingi tulichelewa shule kwa sababu mmoja amesimama njiani na hana haraka. Kwa hiyo niliposikia watu wazima wanaulizana, tena kwa sauti ya chini, "Ni tembo au ni kulabu?", nilielewa jambo moja tu: kuna uwezekano tembo yumo tumboni mwa Mwadime. Nilijua ni mdogo, wa kwenye sarafu. Lakini nilijua pia kwamba kitu kikiingia tumboni mwa mtoto hukua, maana ndivyo nilivyoambiwa kuhusu minyoo na mbegu za mapapai. Mama alipoinuka kidogo nilitega sikio kitovuni pa Mwadime. Tumbo likanguruma. Niliruka nyuma nikapiga kichwa ukutani. Nikamwomba Mungu, kwa moyo wangu wote, iwe kulabu.

Fikirieni. Nilikuwa naomba ndugu yangu akatwe, na nilidhani namwombea mema.

Nyanya alifika asubuhi, jua bado halijapata ukali, ameketi mbele kwenye lori lile lile kati ya dereva na vikapu vya kabichi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mtu wa kanisani hasa, lakini kanisa halikumwondolea mambo ya kwao. Aliingia, akamshika Mwadime paji la uso, akamfunua macho. Mtoto hakulia tena. Alikuwa amelegea, anatazama dari.

"Leteni maji kwenye kibuyu," Nyanya alisema. "Tutatasa."

Kwetu sisi Wadawida, mnaotuita Wataita, mtoto akiugua na ugonjwa ukakaa, wazee huuliza kwanza nani nyumbani ana hasira iliyofichwa. Hasira ya ndugu, wanasema, ikinyamazishwa inaishia kwa mdogo. Kutasa ni kuitoa. Unachukua maji kinywani, unayapuliza nje, na unasema lililo moyoni mbele ya wote, halafu unamtakia mgonjwa kupoa.

"Mama," Baba alisema, amechoka hata sauti, "hii si hasira. Ni sarafu. Ameimeza, tumeona. Gari linaondoka saa sita."

"Kuingia nimesikia imeingiaje. Mimi nauliza itatokaje."

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa."

"Nami nilikubeba kwenda kubatizwa. Mungu anayesikia kule anasikia hapa. Kaa chini."

Baba akakaa. Tulikaa kiuani kuzunguka mkeka, Mwadime katikati. Kibuyu alipewa Mama kwanza. Mama alijaza kinywa, akapuliza, matone yakaanguka vumbini. Alisema: "Nina hasira na baba yao. Kwa baiskeli. Kwa maji ninayobeba. Na kwa kuniona mwongo na mwana wangu akiwa hivi. Itoke. Mwadime apoe." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Baba aliinamisha kichwa.

Nyanya akanipa mimi kibuyu.

"Huyu ni mtoto," Baba alisema.

"Mtoto hana moyo?"

Nilipuliza, nusu ikanimwagikia gaunini. Nilisema nina hasira na Baba kwa sababu aliokota sarafu badala ya kumbeba Mwadime. Nilisema anazipenda kuliko sisi. Kisha nikaangua kilio, na nikasema na la tembo, kwamba anakua. Hakuna aliyecheka. Baba alinyoosha mkono akanishika mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Halafu ikawa zamu yake. Alipuliza maji kwa nguvu. "Nina hasira na mama yao," alisema. "Mashimo mawili yako wazi na mtoto amemeza moja. Moja ameitoa yeye na hataki kusema. Sijui ni Tembo, sijui ni ile heller ya Marehemu yenye waya. Ikiwa ni waya ulioko tumboni, mtoto anakwenda kukatwa na kifua chake hakiwezi. Ikiwa ni Tembo, tunamuua kwa njaa bure. Nani anijulishe? Hasira ninayo, na kuitoa siwezi, Mama. Nimejaribu."

Hapo Nyanya alikuwa ameshachukua kibuyu. Alijaza kinywa. Tukangoja apulize.

Hakupuliza. Aliyameza.

Mimi nilidhani ana kiu, katoka mbali. Lakini Mama alinikamata mkono hadi kucha zikaniingia, na Baba akainuka nusu, akabaki hivyo, hajasimama wala hajakaa. Mtu hamezi maji ya kutasa. Kuyameza ni kusema kwamba hasira unayo na unairudisha ndani, mbele ya mgonjwa, kwa makusudi. Nyanya mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, kama aliyeshangazwa na koo lake. Macho yake yalikuwa kwa Baba. Nilisikia kengele ya shule ikilia kule mbali, na sikukumbuka hata kwamba nilitakiwa kuwa huko.

"Mama," Baba alisema.

Nyanya alijaza kinywa mara ya pili. Maji yakamchuruzika kidevuni. Safari hii aliyapuliza yote, hadi la mwisho.

"Nina hasira na mwanangu," alisema. "Baba yake alinivalisha kitu, yeye akakiweka kwenye ubao. Nilipokiomba aliniambia, Mama, hii sasa ni historia. Mimi niko hai. Nilikuwa hai siku ile, nikiwa nimekaa mbele yake, akaniambia mimi ni historia." Alivuta pumzi. "Nilipokuja mara ya mwisho na ndizi, hukuwepo, trei ilikuwa uvunguni. Nilichukua changu. Sikusema kwa sababu niliona aibu kuiba kitu changu mwenyewe."

Aliingiza mkono ndani ya ukosi wa gauni, akavuta uzi mweusi. Kulabu ikatoka, imekaa kwenye kiganja chake, waya wake mzima na ncha yake imekunjwa.

Baba aliruka. Alinyoosha mkono kuichukua aione, na kwa kweli alihitaji kuiona, kuhakikisha ni yenyewe na waya haujakatika. Lakini Nyanya alifumba kiganja. Alifumba haraka, kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuona mtu mzima akimwogopa Baba, na mtu huyo alikuwa mama yake.

Baba aliona pia. Alirudisha mkono. Akaiweka mikono yote miwili mgongoni, akaishikanisha huko nyuma, akapiga magoti. "Nionyeshe, Mama," alisema. "Sitaigusa."

Nyanya akafumbua kiganja. Baba akaisogelea kwa macho tu, uso karibu uguse vidole vyake, akaisoma yote kama alivyonifundisha, tundu, taji, mwaka, halafu waya kutoka mwanzo hadi ncha. Machozi yalikuwa yanamdondoka na hakuyafuta, maana kufuta angehitaji mikono. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Waya mzima. Mama Wakesho, ni Tembo. Amemeza Tembo. Mpe ndizi!"

Mama alikuwa ameshasimama. Hata kuombwa msamaha hakungoja. Ndizi alizoshuka nazo Nyanya zilikuwa bado kikapuni mwake, akaimenya moja kwa meno, akaiponda, akaisukuma kinywani pa Mwadime kwa kidole. Mwadime alitafuna mara moja, akakamata mkono wa Mama kwa mikono miwili, akakataa kuuachia. Baba alikwenda mbio dispensari kusimamisha gari. Alirudi akihema, akamkuta Mama anaponda viazi vitamu, akamwambia mbele ya mama yake na mbele yangu: "Nilikuita mwongo. Nisamehe." Mama alisema, "Lete kuni." Lakini alisema kwa upole.

Msidhani hofu iliishia hapo. Tulimlisha na tukangoja, na kungoja kule kuna uchungu wake. Kila alipolia tulidhani imekwama. Baba aliomba ruhusa kazini, akakaa na kopo la mtoto na kijiti, kazi ambayo hakuna mwanamume wa Kaloleni aliyewahi kuonekana akiifanya kiuani mchana kweupe. Majirani walipita ukutani wakimchungulia. "Fundi, unachimba dhahabu?" walimwuliza, na yeye akawajibu, bila kuinua kichwa, "Ndiyo, nachimba." Ilipotoka hatimaye, Mwadime akiwa ameshaanza kuleta fujo zake za kawaida, Baba aliinuka na kile kijiti mkononi, akaita jina la Mama kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, jina lake lenyewe, la usichana.

Halafu akachukua jivu na ndimu, akakaa kwenye jiwe la kufulia, akaisugua Tembo. Aliisugua, akaisuuza, akainusa, akaisugua tena. Mama alisimama mlangoni akimwangalia, mkono kiunoni.

"Nilidhani sarafu ya kale haisuguliwi," alisema.

"Nyamaza, mke wangu," Baba alisema, na Mama akacheka hadi akakaa chini.

Tembo ilirudi kwenye shimo lake, na mgeni yeyote aliyeisifu, Mama alimwambia aulize kwanza imepitia wapi. Shimo la Kulabu lilibaki wazi. Nyanya aliivaa juu ya gauni sasa, si ndani, hata kanisani, na alipofariki mimi nikiwa nimeshaolewa, akina mama wa ukoo walitaka kumvua kama desturi. Baba alisimama mlangoni akawaambia, "Hiyo hapana." Hakupaza sauti. Walimwacha nayo.

Sasa Mwadime alikuja kwangu wiki iliyopita kuiona trei. Ni mtu wa makamo leo, ana tumbo kubwa, nami humtania kwamba tembo alikua kweli. Hakumbuki lolote, kisa hiki tulimsimulia kama mzaha wa sarafu na kopo, la kutasa hakuna aliyemwambia. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ndani mna heller ya tundu, nzuri, ameitafuta kwa muda mrefu. "Nimepata ya kujaza lile shimo la Baba," alisema, amefurahi. "Limekuwa wazi miaka yote. Sijui kwa nini hakulijaza, mbona hizi zinapatikana?"

Nilimkalisha chini nikamsimulia yote niliyowasimulia nyinyi. Nilipofika pale pa mikono mgongoni, aliacha kunywa chai. Nilimwambia pia jambo ambalo yeye hakuwahi kulisikia, kwa sababu alikuwa mbali kikazi: kwamba hata uzeeni, Nyanya akiwa ameshazikwa miaka mingi, wageni wakimuuliza Baba sarafu ya hapa imepotelea wapi, alishangaa kwa nini wanauliza. "Haijapotea," aliwaambia. "Mama ameivaa."

Mwadime aliikunja heller yake kwenye karatasi, akairudisha mfukoni. Akapitisha kidole kwenye lile shimo, kwenye kitambaa chekundu ambacho hapo tu hakijapauka.

"Na mimi wakiniuliza?" alisema.

"Wajibu hivyo hivyo," nilimwambia.